Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo chetu: wachezaji tunaomba kufundishwa, sio kutishwa

Kwa Mkuu wa Chuo,
Mshauri wa Wanafunzi,
na Kamati ya Michezo ya chuo,
Dodoma.

Waheshimiwa viongozi wetu, shikamooni.

YAH: NAMNA TUNAVYOONGOZWA KWENYE TIMU ZA CHUO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nacheza netiboli timu ya chuo tangu nafika hapa, namba yangu ni senta. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumeshazipita. Tulianza na kocha mwenyewe, tukaenda na kapteni wetu tukamwomba kwa adabu tuzungumze. Tukaenda kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Tukapeleka barua ofisi ya mshauri, imesainiwa na sisi wa netiboli na baadhi ya wenzetu wa volebo na kikapu, tukaambiwa imepokelewa na itafanyiwa kazi. Semesta ikaisha, nyingine ikaanza, majibu hamna, ila mazoezini tukaanza kusikia kuna watu wanapeleka majungu kwa wakubwa na hao watu watajulikana. Ndo maana leo naandika hapa.

Sitaji chuo wala jina la kocha, wanaohusika wakisoma watajijua. Na niliseme hili mapema kabisa lisije likageuzwa: hatuombi kocha afukuzwe. Anajituma, anafika uwanjani kabla yetu, na tunajua posho yake inacheleweshwa mpaka anakopa nauli ya bodaboda. Tunachoomba ni namna anavyotuongoza ibadilike, na nyie mliomuweka pale ndo wenye mamlaka ya kulisimamia hilo.

Watu wengi wakisikia wachezaji wanalalamika wanajua moja kwa moja tunataka kocha mpole, wa kuchekacheka, wa kuturuhusu tuchelewe. Hapana jamani. Hili swali la mchezaji anataka kocha wa aina gani limeshafanyiwa kazi na wasomi miaka zaidi ya 40, na mengi yamefanywa kwa wachezaji wa vyuo kama sisi. Mwaka 1980 Packianathan Chelladurai na mwenzake Saleh walitoa dodoso la maswali 40 linalogawa tabia za kocha kwenye mafungu matano: kufundisha na kuelekeza, kushirikisha wachezaji kwenye maamuzi, kuamua yeye peke yake kibabe, kumjali mchezaji kama mtu na shida zake, na kumsifu mtu akifanya vizuri. Unaweza kumuuliza mchezaji anapenda nini, ukamuuliza tena anachokiona kwa kocha wake ni nini, alafu ukalinganisha. Chelladurai anasema kadiri anachokifanya kocha kinavyoendana na kile ambacho wachezaji wanakipenda na kile ambacho mchezo wenyewe unakitaka, ndivyo timu inavyoridhika na kucheza vizuri.

Sasa angalieni majibu yanayojirudia kwenye tafiti nyingi za namna hiyo. Juu kabisa wachezaji wanaweka kufundishwa na kuelekezwa, karibu yake kuambiwa pale wanapofanya vizuri. Chini kabisa wanaweka ubabe. Yani mchezaji wa chuo kitu cha kwanza anachokitaka ni kazi, aelekezwe, ajue, aongezeke kiwango. Hicho ndicho tunachokililia hapa, naomba mkishike hicho wakati mnasoma malalamiko yetu.

1. Hatufundishwi, tunaamrishwa na kufokewa

Hili ndo kubwa kuliko yote na nitalieleza kwa urefu mnivumilie.

Semesta iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na chuo kingine hapa hapa mjini. Robo ya tatu tuko nyuma magoli machache tu, mechi bado iko wazi. GA wetu, yani goal attack, mmoja wa wafungaji, anadaka pasi hewani, anatua na mguu wa kulia, anageuka atafute nafasi, mguu ule ule anaunyanyua na kuukanyaga tena chini kabla hajaachia mpira, refa anapuliza. Ikatokea tena. Ikatokea tena. Kocha akapiga kelele uwanja mzima unasikia, "Toka we mbuzi, hujui kucheza!" Dada wa watu akatoka, akakaa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kocha, nimekosea nini?" Akajibiwa kaa kimya. Aliyekuja kumweleza ni mchezaji mwenzetu wa akiba, akasimama pale pembeni kwenye ndoo ya maji akamwonyesha kwa miguu yake mwenyewe, mguu uliotua wa kwanza unaweza ukaunyanyua lakini usiurudishe chini mpira bado uko mkononi. Haikuchukua hata dakika moja. Nikajiuliza huyu dada amekuja mazoezini mwaka mzima, na kitu cha dakika moja hakuna mtu mzima aliyemwambia.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mama mmoja mwalimu alikuwa anatusaidia kabla hajahamishwa. Alikata kijiti cha sentimita 90 akawa anakiweka kwenye begi la mipira, kwa sababu sheria ya wakati ule ilikuwa inataka mkabaji akae angalau umbali huo kutoka mguu wa mwenye mpira. Ukikaba vibaya anasimamisha mchezo, anachuchumaa, anakilaza kile kijiti chini kuanzia mguu wa mshambuliaji mpaka kwako, anakwambia angalia, umeingia, rudi vidole viwili. Unarudi. Anasema hapo hapo, umeona, sasa nyoosha mkono. Anapuliza mchezo unaendelea. Na huyu mama alikuwa mkali jamani! Ukichelewa huchezi, hata uwe mfungaji bora, na ukitegea anakutoa. Lakini ukitoka kwake umeongeza kitu. Timu nzima ilikuwa inamuogopa kidogo na inampenda sana, na mpaka leo wengi wetu faulo za kukaba karibu hatufanyi.

Kwahiyo ukali hatuna shida nao. Shida yetu ni ukali ambao ukiuondoa ndani hamna somo.

2. Adhabu, na hasa hii ya kunyimwa maji

Ukidondosha pasi unaruka kichura kuzunguka uwanja. Timu ikifungwa, siku inayofuata ni kichura na kupiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji, watu wanaondoka magoti yamechubuka. Alafu kuna sheria kwamba hakuna kunywa maji mpaka zoezi lipite bila kosa. Waheshimiwa mnaijua Dodoma, mnaijua ile miezi ya kumi na kumi na moja kabla mvua haijaanza, upepo mkavu, vumbi, saa kumi jioni saruji bado inachoma mpaka unaihisi kwenye soli ya raba. Mwili unajipoza kwa jasho na jasho linatokana na maji, ukimnyima mtu maji huku anakimbia joto linapanda mwilini na halina pa kutokea. Mwenzetu alishadondoka mazoezini, tukambeba mpaka zahanati akawekewa dripu, kesho yake mbele ya timu ikasemwa alikuwa anaigiza.

Hili la maji naomba mlitoe kwenye mambo ya kujadili kabisa. Likatazwe leo. Mtu anaweza kufa.

3. Matusi na majina

Kuna mchezaji anaitwa gunia kwa sababu ya mwili wake. Kuna mwingine anaigizwa lafudhi ya kwao mbele ya watu. Ukilia unaambiwa nenda ukapike. Mwaka 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu unyanyasaji michezoni, na unyanyasaji wa kisaikolojia, yani kudhalilishwa, kutishwa, kupuuzwa makusudi, umo humo kwenye orodha pamoja na ule wa mwili na wa kingono. Kwahiyo mtu asituambie ni utani wa uwanjani.

Wachezaji wazuri wameacha. Sitawataja ila mkiangalia orodha ya timu ya mwaka juzi mkalinganisha na ya sasa mtawaona, na wengi wako hapa hapa chuoni, wako hosteli jioni wakati sisi tunafanya mazoezi.

4. Hatuulizwi kitu chochote

Kapteni anateuliwa na kocha na anaondolewa na kocha, timu inasikia siku ya mechi. Muda wa mazoezi unabadilishwa usiku kwenye grupu la wasap, kesho una testi, ukisema una testi unaambiwa chagua. Sisi tuko hapa kwa mkopo na kwa jasho la wazazi, mtu akipata sapu, yani mtihani wa kurudia, kwa sababu ya mazoezi nyumbani anaeleza nini? Kuna mwenzetu alipangwa namba asiyowahi kuicheza, akaomba angalau afanyie mazoezi hiyo namba wiki moja, akakaa benchi mpaka mashindano yakaisha.

Na hapa nataka niwe mkweli. Hatusemi timu iongozwe kwa kura. Robo ya nne, dakika tatu zimebaki, mko nyuma kwa goli moja, kocha aamue peke yake na sisi tutii, hakuna mtu wa kukaa kikao pale. Hata Chelladurai huyo huyo aliandika na Haggerty mwaka 1978 kwamba namna ya kuamua inategemea jambo lenyewe, muda uliopo, na kocha ana taarifa gani, na yapo mambo ambayo kocha kuamua mwenyewe ndo sahihi. Ila ratiba ya wiki, kapteni, sheria za nidhamu za timu, mtu acheze namba gani msimu mzima, haya yana muda. Hapa tuulizwe.

5. Sisi wa kike

Nitaandika kwa kifupi maana kila mtu anaelewa. Timu ya wasichana haina mwanamke hata mmoja kwenye benchi la ufundi. Mtu yuko kwenye siku zake, tumbo linamuuma, anatakiwa akaeleze mbele ya wanaume watatu au aonekane mvivu. Safari ya mashindano vyumba anapanga mwanaume. Tunaomba mwanamke mmoja tu, hata mwalimu wa kawaida.

Najua mtakayojibu, mengine tumeshayasikia kwa masikio yetu.

Mtasema kocha huyu ameleta vikombe. Ni kweli kipo kikombe pale kabatini. Lakini ubabe ndo ulioleta kikombe, au kipaji cha watu wale? Marekani kwenye kikapu cha vyuo kulikuwa na Bob Knight wa Indiana, mkali anayejulikana dunia nzima, alichukua ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1976, 1981 na 1987. Chuo kikamvumilia miaka na miaka kwa sababu ya hivyo vikombe, mpaka ikatoka video anamkaba mchezaji wake shingoni mazoezini, na mwaka 2000 chuo kikamfukuza. Lakini kulikuwa na John Wooden pale chuo cha UCLA, yeye alichukua ubingwa huo mara 10 kati ya mwaka 1964 na 1975. Wasomi wawili, Gallimore na Tharp, walikaa pembeni ya uwanja wake msimu wa 1974 mpaka 1975 wakawa wanaandika kila anachokisema na kukifanya mazoezini. Wakahesabu vitendo 2,326. Kama robo tatu ya vyote ilikuwa maelekezo matupu: shika hivi, geuka hivi, pasi mapema, simama hapa. Kusifu ilikuwa asilimia 6.9 tu na kuonyesha hajaridhika asilimia 6.6. Angalieni hapo vizuri, hakuwa mtu wa kusifia ovyo na wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa anafundisha muda wote. Huyo ndo aliyeshinda ubingwa huo kuliko makocha wote wa timu za wanaume, na ukiniuliza mimi, yule mama wa kijiti alikuwa anafanya kitu hicho hicho hapa Dodoma bila kamera na bila posho.

Mtasema hizo ni tafiti za wazungu, Mwafrika bila kiboko haendi. Kwanza sisi ni watu wazima, tunapiga kura, wengine wana watoto nyumbani. Pili, ni kweli kabisa kwamba wachezaji hawafanani kila mahali, na tafiti hizo hizo zimeliona hilo. Mwaka 1988 Chelladurai na wenzake walilinganisha wachezaji wa vyuo vya Japani na Kanada, wa Japani wakaonekana wanakubali zaidi kocha wa kuamua mwenyewe kuliko wa Kanada, lakini hapo hapo walitaka zaidi kocha awajali kama watu. Zipo pia zilizoona wanaume wanavumilia ubabe zaidi na wanawake wanataka zaidi kushirikishwa. Sasa kama watu wanatofautiana hivyo, dawa ni kutuuliza sisi wa hapa. Nyie mnatuamulia tunachokitaka na hakuna siku mmepita uwanjani na karatasi mkatuuliza.

Mtasema hamna bajeti. Kumkataza mtu kunyima wenzake maji hakuna bajeti. Kugawa karatasi za maswali hakuna bajeti, mnagawa kila semesta za kutathmini walimu wa darasani, tunajaza, mnazisoma. Kocha naye ni mwalimu wetu, kwanini yeye hatathminiwi?

Na mtasema tungefuata utaratibu. Tumefuata, nimeshaeleza hapo juu, barua iko kwenye faili lenu na ina mhuri wa kupokelewa.

Baada ya hayo, tunaomba yafuatayo:

a) Kunyimwa maji, kupiga magoti, kichura cha adhabu na matusi vipigwe marufuku kwa maandishi kwenye timu zote za chuo, tangazo libandikwe uwanjani na ubao wa matangazo wa michezo. Hili lisisubiri kikao.

b) Kila semesta wachezaji wa timu zote wajaze dodoso bila kuandika majina, likiwa na yale mafungu matano, kwa Kiswahili, sehemu moja tunachokipenda na sehemu nyingine tunachokiona. Likusanywe na mtu ambaye sio kocha wala sio wa kamati ya michezo. Majibu kocha asomewe, na sisi tuambiwe kimebadilika nini.

c) Kocha apelekwe kozi kwa gharama ya chuo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo, na CHANETA, chama cha netiboli Tanzania, ndo wenye mchezo wao, mkiwaandikia watawaelekeza. Na posho yake ilipwe kwa wakati, nalisema hili kwa moyo mmoja, mtu anayedai miezi hawezi kuja uwanjani ametulia.

d) Ratiba ya mazoezi ipangwe mwanzo wa semesta pamoja na kapteni, ikiwa na ratiba ya testi mezani, na mabadiliko yatolewe mapema sio usiku wa kuamkia.

e) Timu za wasichana ziwe na mwanamke kwenye benchi la ufundi na kwenye safari zote.

f) Hakuna mchezaji aliyesaini ile barua, au atakayejulikana kuhusika na hii, atakayeondolewa timu, kukalishwa benchi au kufuatwa kwenye masomo yake kwa sababu hiyo.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, na tunaomba kikao ambacho wachezaji watakuwepo na kocha atakuwepo, tuzungumze mbele yenu kwa heshima. Kama mtaona kuna mahali hatuko sahihi tuambieni ni wapi, tuko tayari kusikiliza. Mpaka hapo tutaendelea kuja mazoezini kama kawaida, na kuanzia wiki hii kila mchezaji wa netiboli atakuja na chupa yake ya maji na atakunywa akisikia kiu.

Ni mimi katika ujenzi wa michezo chuoni,

Senta, timu ya netiboli, mwaka wa tatu
kwa niaba ya wachezaji waliosaini barua ya kwanza
Dodoma

Nakala:
Rais wa serikali ya wanafunzi
Waziri wa michezo, serikali ya wanafunzi
Makapteni wa timu zote za chuo
Kocha wetu